Malighafi Yenye Utii

Malori yanaingia zahanati ya Mteremkoni. Hayaji kutibiwa.

Yanatoka kwenye machimbo ya mchanga juu kilimani, yanashuka na breki zilizokwisha, na chini kabisa, pale barabara inapokata kona kwenda kushoto, lori lisiloweza kukata kona huenda moja kwa moja. Moja kwa moja ni zahanati. Mbele yake pana uwanja mdogo wa udongo, na hapo, kila Jumanne na Alhamisi, wajawazito hukaa kwenye mabenchi wakisubiri kliniki.

Mwaka ule yaliingia mara tatu. La kwanza lilisaga jiko na ndoo za Bi Siwatu anayeuza uji. La pili lilivunja benchi moja na vidole vya mguu wa mke wa fundi baiskeli. La tatu lilipita uwanja wote likatoboa ukuta wa chumba cha sindano, likasimama pua yake ikiwa juu ya mizani ya watoto. Dereva akashuka, akauliza choo kiko wapi.

Baada ya hilo la tatu, Nesi Eufrasia alifanya mambo mawili. Kwanza alinunua filimbi, ile ya chuma wanayotumia waamuzi wa mpira. Siku za kliniki alitoa meza yake nje akaiweka ukingoni mwa barabara, akawa anapima presha ya mtu huku macho yake yako kilimani. Lori likishuka vibaya, anapuliza, na wanawake wanakimbilia nyuma ya tangi la maji. Nimewaona mara nyingi. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, mkono mmoja umeshika tumbo na mwingine umeshika viatu, anakimbia kama mwizi. Sikutamani kuona jambo hilo hata mara moja, na mimi karakana yangu ya kuchomelea vyuma iko hatua arobaini kutoka pale, kwa hiyo nililiona kila wiki.

Jambo la pili, aliandika barua serikalini. Mimi ndiye niliyempa maneno. Shule niliacha darasa la tano, lakini chuma nakijua. Nilimwambia: chukua bomba la inchi sita, urefu futi tano. Chimba shimo futi mbili na nusu, lisimamishe, tia nondo, mwaga zege ndani ya bomba na ndani ya shimo. Paka rangi nyekundu na nyeupe. Weka sita mbele ya uwanja, mtu na ndoo yake apite katikati, lori lisipite. Mifuko saba ya saruji, siku mbili za kazi. Vitu hivyo sisi tunaviita visiki, na Mteremkoni nzima inaviita visiki.

Lakini nesi alikuwa amesoma, akaona kisiki si neno la kupeleka wizarani. Akaandika: "Tunaomba nguzo fupi sita, imara, za kuzuia magari. Fundi Ngwali yuko tayari kuzitengeneza."

Kilichotuponza ni hilo neno "fupi".

*

Msomaji wa nchi nyingine atauliza ubaya uko wapi. Nitamweleza.

Katika nchi yetu, ambayo silitaji jina lake kwa kuwa kibali cha kulitaja bado hakijatoka, Mkuu wa Nchi anaitwa Nguzo. Zamani alikuwa na jina la kawaida kama mimi na wewe. Mwaka wa tisa wa utawala wake Bunge lilisimama kwa saa nzima likipiga meza, na lilipoketi, yeye alikuwa Nguzo ya Taifa na neno hilo halikuwa letu tena. Shirika la umeme siku hizi linasema "miti ya nyaya". Wahandisi wa madaraja wanasema "miguu". Na ni kweli pia, ingawa sijawahi kumsikia mtu akiisema, kwamba Mheshimiwa Nguzo akipanda jukwaani kuhutubia, sisi tulio mbele tunaiona kofia tu.

Barua ilifika wizarani Jumatatu. Alhamisi alikuja Bwana Makini, ofisa wa usalama, mtu mwembamba mwenye kikohozi cha adabu. Aliketi na viatu vyake juu ya kitanda cha kupimia wajawazito. Mimi nilikuwa nazibua bomba la sinki chumba hicho hicho, na hakuna aliyeniambia nitoke.

"Hujambo, mama."

"Sijambo, baba. Hilo shuka nimelitandika sasa hivi."

"Nataka kujua, hizi nguzo fupi ni akina nani?"

"Si watu. Ni za kuzuia malori."

"Kwa hiyo unakubali kuna nguzo iliyo fupi."

"Fupi hivi," nesi akasema, akaweka kiganja chake usawa wa kiuno.

Bwana Makini akakitazama kile kiganja, akatazama dirisha, akainuka akalifunga.

"Shusha mkono, mama. Usinionyeshe kimo. Halafu umeandika sita. Nchi hii ina Nguzo moja. Hizo tano umezitoa wapi?"

"Baba, malori yameingia humu mara tatu. Huo ukuta hapo nyuma yako una tundu, mwenyewe unaona."

Bwana Makini hakugeuka. "Lori halikuandika barua, mama. Wewe ndiye uliyeandika."

Alimhoji mpaka kliniki ikafungwa. Wanawake kumi na saba walirudi nyumbani bila kupimwa. Mwishoni alikunja barua, akanigeukia mimi niliyekuwa chini ya sinki, akauliza kama namfahamu mtu anayeitwa Fundi Ngwali.

*

Sikufungwa. Nilifanywa mjumbe.

Serikali iliona jambo hili ni zito, na jambo zito kwetu halitatuliwi, linaundiwa kamati. Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuchagua Malighafi ya Visimamo vya Heshima. Visimamo ndivyo visiki vyangu. Jina hilo lilitafutwa kwa vikao vinne. Mwenyekiti alikuwa Dokta Rwekaza, aliyepata udokta wake kwa kuchunguza vumbi, na kila alipoketi alikipangusa kiti kama anayemsalimia rafiki wa zamani. Wajumbe walikuwa tisa. Mimi nilikuwa wa kumi, na kazi yangu ilikuwa kubeba sampuli. Bwana Makini alikaa pembeni na daftari. Hakuwa mjumbe. Alisema yeye anapumzika tu.

Nilipeleka gogo la mninga, kipande cha bomba tupu la chuma, bomba la plastiki, jiwe la kuchonga, na kisiki kimoja kamili, bomba lililojazwa zege. Nikavipanga mezani. Nikasema, "Waheshimiwa, hivi ni visiki. Ninachoomba ni kimoja tu kati ya hivi, na nitawaambia ni kipi, ili twende nyumbani."

"Visimamo, fundi," akasema Dokta Rwekaza. "Na kamati hairuki hatua. Tuanze na mbao."

Mjumbe mmoja, bwana shamba mstaafu, akasimama. "Mbao ni nzuri, Mwenyekiti, ila kwa hali ya hewa yetu itashambuliwa na mchwa. Nje inaonekana nzima, kumbe ndani imeliwa yote."

Katibu alikuwa anaandika. Bwana Makini akakohoa.

"Samahani," akasema. "Ni nani huyo aliyeliwa ndani, nje anaonekana mzima?"

Bwana shamba akaketi, na jasho likamtoka mpaka kola ikabadilika rangi. Mbao ikafutwa.

Kikaja chuma. Mhandisi akasema chuma kina nguvu lakini kinashika kutu.

"Baada ya muda gani?" akauliza Bwana Makini kwa upole.

"Kikiwa wazi, hakijapakwa rangi, kama miaka ishirini na..." Mhandisi akakumbuka Mheshimiwa Nguzo yuko mwaka wa ngapi. "Hakishiki kutu," akasema. "Nimejichanganya. Chuma hakishiki kutu kabisa. Lakini tusikitumie."

Plastiki ikafutwa kwa sababu ni nyepesi na ndani ni tupu. Aliyesema hayo alizisema sifa hizo mbili kwa sauti ndogo sana, na wiki iliyofuata kiti chake hakikuwa na mtu. Jiwe likafutwa kwa sababu halisikii. Ikafikiriwa mipira ya magari iliyopangwa moja juu ya nyingine, ikafutwa kwa sababu inanuka ikipigwa na jua, na hakuna aliyetaka kuandikiwa kwamba kisimamo kinanuka.

Mambo haya nayasimulia kwa kurasa chache. Yalichukua miezi mitano. Na katika miezi hiyo wajumbe walikula. Sijawahi kuona watu wanakula hivyo. Kila saa nne na kila saa saba zililetwa sinia za kuku na mbuzi, na kwa kuwa meza ilijaa sampuli, sinia ziliwekwa juu ya picha za zahanati nilizoleta kama ushahidi. Mchuzi ulipenya. Picha ya mguu wa mke wa fundi baiskeli ilikuwa na duara la mafuta pale pale kwenye vidole, na mjumbe mmoja aliyetaka kuutazama vizuri aliulamba kwanza.

Gogo la mninga lilizidi kuwa dogo. Lilipoingia lilikuwa paja la mtu, mwezi wa tatu likawa mkono. Kwenye taarifa iliandikwa kwamba sampuli ya mbao imepungua kutokana na hali ya hewa. Haikuwa hali ya hewa. Wajumbe walikuwa wanalichanja vijiti vya kuchokonolea meno. Bomba la plastiki likawa la kutemea mifupa. Na kisiki changu cha zege, kwa kuwa mlango wa ukumbi ulikuwa unabamizwa na upepo, kilisukumwa pale chini kikauzuia mlango. Kwa miezi mitano mlango haukubamizwa hata mara moja. Hakuna aliyeliandika hilo.

*

Siku za kliniki ambazo kamati haikukaa, nilirudi Mteremkoni. Bi Siwatu alikuwa ananiwekea kikombe.

"Baba Tunu," ananiita hivyo kwa jina la binti yangu, "hao wakubwa wamesemaje?"

"Wako kwenye mipira ya magari."

"Mipira? Sisi tunataka kuzuia gari, wao wanataka kuongeza gari?"

Mwanahawa alicheka mpaka akashika benchi. Yeye alikuwa mke wa fundi seremala wa jirani, mimba ya kwanza, mdomo hauna breki kama malori yenyewe.

"Fundi Ngwali, niambie ukweli. Hivyo visiki vitakuja kabla sijajifungua, au nimwambie mwanangu aje ajenge mwenyewe?"

"Una miezi mingapi?"

"Minne."

"Vitakuwa tayari."

"Umeapa," akasema. "Bi Siwatu, wewe ni shahidi. Kaapa."

Sikuwa nimeapa. Nilikuwa nimesema tu, kama watu wanavyosema.

Nesi Eufrasia hakucheka. Alikuwa mezani kwake ukingoni mwa barabara, filimbi inaning'inia shingoni. Aliniuliza, bila kuyatoa macho kilimani, "Masika yanaanza lini, fundi?"

"Miezi minne ijayo."

"Mvua ikinyesha ule udongo unakuwa kama sabuni. Lori likianza kuteleza pale juu, nina muda wa kupuliza mara mbili tu. Nimepima kwa saa. Mara mbili. Waambie hao watu kwamba wao wana miezi minne na mimi nina pumzi mbili."

Nilipowaambia, Dokta Rwekaza aliagiza iandikwe kwamba kamati imepokea salamu za wananchi.

*

Mwezi wa sita wakaniruhusu kusimika kisiki kimoja katika uwanja wa wizara, ili kijaribiwe kwa jua na mvua. Nilichimba, nikamwaga zege, nikapaka rangi. Kilikaa wiki tatu. Wiki ya nne, dereva wa Waziri wa Barabara na Nidhamu alirudisha gari nyuma kwa kasi kwa sababu Waziri alikuwa anachelewa kwenda kuchelewa mahali pengine.

Mshindo wa kugonga niliusikia nikiwa ukumbini. Nilipotoka, gari lilikuwa limekunjika nyuma yote kama kopo la maziwa, buti limefika viti vya nyuma, na Waziri yuko ndani ameshika kofia. Kisiki kilikuwa pale pale. Kilikuwa kimechubuka rangi kidogo, upana wa kiganja.

Nitasema kweli, nilifurahi. Nilisema moyoni: basi, wameona wenyewe, kesho tunakwenda Mteremkoni.

Kamati ilikutana jioni ile ile kwa dharura.

"Fundi," akasema Dokta Rwekaza, "malighafi yako ilitambua kwamba gari lile lina bendera?"

"Ni zege, Dokta."

"Jibu swali."

"Halikutambua."

"Kwa hiyo limemzuia Waziri kama linavyoweza kumzuia dereva wa mchanga. Bila tofauti."

"Ndiyo kazi yake."

Bwana Makini, aliyekuwa anapumzika tu, akafunga daftari. "Mwenyekiti, hapa tatizo si ugumu. Tatizo ni tabia. Msafara wa Mheshimiwa Nguzo, foleni ikiwa kubwa, unapita kando ya barabara, wakati mwingine juu kabisa ya njia ya waenda kwa miguu. Sote tunajua, tumewahi kuruka mitaroni. Sasa siku moja unapita Mteremkoni, unakuta vitu kama hivi sita. Vinasimama tu. Haviinami, havisogei. Hiyo ni malighafi isiyo na utii."

Maneno hayo yakaingia kwenye taarifa. Zege lilikataliwa rasmi kwa kosa la ukaidi. Kisiki kiliamriwa king'olewe, vijana sita wa wizara wakapiga nyundo siku mbili, wakashindwa, wakakijengea kibanda kisionekane.

Wiki hiyo hiyo Waziri aliniita ofisini kwake, peke yangu. Shingo ilikuwa imefungwa bandeji.

"Fundi, ile malighafi yako ya ukaidi."

"Naam, Mheshimiwa."

"Niletee ishirini na nne. Nyumbani kwangu, kuzunguka geti na ukuta wa mbele. Na usipake rangi ya barabarani, paka kijani, ifanane na maua."

Nilivitengeneza, na kuvisimika nilimaliza siku ya nane. Vipo mpaka leo, hakuna hata kimoja kilichotikisika. Nilitaka kumwambia kwamba sita tu kati ya hivyo vingetosha Mteremkoni. Sikumwambia. Nilisema "asante, Mheshimiwa", nikanywa soda aliyonipa.

*

Sharti jipya la kamati likawa hili: itafutwe malighafi itakayomzuia mwananchi na kumpisha kiongozi.

Aliyeipata ni Dokta Rwekaza mwenyewe. Aliingia kikaoni amebeba mto wa kiti chake, akauweka mezani kati ya sinia mbili, akaubonyeza kwa kidole. Mto ukaingia ndani. Akatoa kidole. Mto ukarudi.

"Waheshimiwa, sponji. Haina kutu, hailiwi na mchwa. Mkubwa akipita inampisha, akishapita inarudi mahali pake na haina kinyongo. Nimekaa juu ya sponji miaka kumi na mmoja, haijawahi kunijibu. Hii ni malighafi inayosikiliza."

Walipiga meza mpaka mifupa ikaruka.

"Na lori je?" nikauliza.

"Tutaweka kibao," akasema Dokta, "kinachoeleza kwamba visimamo ni vigumu."

Likabaki suala la kimo. Vikiwa virefu kumzidi Mheshimiwa Nguzo, ni dharau. Vikiwa vifupi kumzidi, ndiyo yale yale maneno ya nesi. Lazima viwe sawa naye kabisa. Lakini kimo chake ni siri ya taifa, na fundi cherehani wake aliyewahi kukijua hayupo tena mjini. Bwana Makini akasema hilo lisitusumbue. Siku ya pili aliniletea kamba ndani ya bahasha ya khaki iliyopigwa lakiri.

"Urefu ni huo, fundi. Kata sponji sita kwa kamba hiyo."

"Nifungue?"

"Usifungue. Nani kakuruhusu kufungua?"

"Nitapimaje?"

"Pima nayo ikiwa ndani."

Nilipapasa bahasha, nikakisia, nikakata. Zikatoka sponji sita za vimo sita. Bwana Makini alizitazama muda mrefu, kikohozi kikamkatika. Hakuweza kusema ni ipi iliyokosewa, kwa sababu angeisema angekuwa amejua. Akasaini zote. Wakazivika mahameli nyekundu na kuzifunga utepe wa dhahabu.

*

Uzinduzi ulipangwa Alhamisi, siku ya kliniki, ili watazamaji wapatikane. Mvua ya masika ilikuwa imeanza tangu Jumanne.

Nesi Eufrasia alisema kliniki isogezwe. Bwana Makini alisema wajawazito ndio wanaonufaika, lazima wanufaike wakiwa mbele. Mabenchi yakapangwa uwanjani nyuma ya zile sponji, yakiangalia hema la wageni lililokuwa kando, karibu na tangi la maji. Kilima kilikuwa nyuma ya migongo yao. Wanawake walikaa chini ya miavuli ya mapambo yenye picha ya Mheshimiwa Nguzo. Bi Siwatu alikuwa mwisho wa benchi na sufuria yake, kwa sababu alisema watu wazinduliwe wasizinduliwe, njaa iko pale pale.

Mwanahawa aliniona nikipita. Alikuwa amebakiza wiki tatu, uso umejaa.

"Fundi," akasema, "hivi ndivyo vile ulivyoapa?"

Akaibonyeza sponji iliyokuwa karibu naye, maji yakamtiririkia mkononi, akanitazama. Hakucheka.

Bwana Makini alimfuata nesi.

"Mama, hiyo filimbi."

"Ni ya kazi."

"Leo hapa wenye kupuliza ni bendi. Waziri hawezi kuhutubia mtu ana filimbi shingoni."

"Lori likija nitafanyaje?"

"Visimamo vimewekwa, mama. Au huna imani navyo?"

Nesi alinitazama mimi. Wajumbe wote walikuwa wanamtazama yeye. Akaivua. Bwana Makini akaitia ndani ya bahasha ya khaki, akamwandikia stakabadhi. Kisha nesi, kwa kuwa alikuwa mwenyeji, akapewa ncha moja ya utepe aishike, pale pale ukingoni mwa barabara alipozoea kukaa.

Waziri alisimama chini ya hema, shingo imepona. Vipaza sauti vinne vilifungwa kwenye mti wa nyaya.

"Ndugu wananchi," akasema, "mataifa mengine yanatumia zege. Wanawazuia watu wao kwa ugumu. Sisi tumekataa. Tumesema serikali inayojali inazuia kwa ulaini."

Sponji zilikuwa zimenywa maji ya siku nzima. Zikaanza kulemewa. Ile ndefu zaidi ilipinda kwanza, halafu nyingine, mpaka zote sita zikawa zimeinama kuelekea hema.

"Mnaona?" akasema Waziri. "Zinatoa heshima."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimerudi karakana, nimesimama mlangoni, kwa hiyo nilimwona nesi kabla sijaliona lori. Utepe ulimtoka mkononi. Mkono ulikwenda shingoni, ukapapasa, ukapapasa tena. Kisha akapiga kelele, na mdomo niliuona umefunguka, lakini nilichosikia ni vipaza sauti vikisema kwamba ulaini ni sera. Akaacha kupiga kelele akakimbilia mabenchi. Wawili aliwavuta kwa nguo. Wa tatu alimsukuma. Alikuwa amemshika Mwanahawa kwapani, anamwinua.

Lori lilipita kwenye sponji. Halikupunguza mwendo hata kidogo. Moja ilinasa kwenye bampa ikaenda nayo. Wajumbe wawili wa kamati walipiga makofi, wakidhani ni onyesho.

*

Kamati ilitoa taarifa baada ya siku tisa. Inasema visimamo vilitimiza masharti yote ya malighafi: havikushika kutu, havikuliwa, na havikuonyesha ukaidi. Hasara, inasema, ni visimamo sita, mita arobaini za utepe na miavuli kumi na mmoja yenye picha, ambayo uharibifu wake unachunguzwa. Dokta Rwekaza ametunukiwa nishani. Inapendekezwa sponji iwe nene zaidi.

Visiki vyangu vilihitaji mabomba sita, mifuko saba ya saruji na siku mbili. Badala yake kilichotumika ni hiki, nimekihesabu mwenyewe pale uwanjani.

Bi Siwatu, miaka sitini na mmoja. Mwanahawa, miaka ishirini na minne. Mtoto wake wa kiume, wiki tatu kabla. Nyonga ya mke wa fundi baiskeli, yule yule wa vidole. Mguu wa kushoto wa Nesi Eufrasia, juu ya goti. Mabenchi mawili. Sufuria moja ya uji. Filimbi moja, haina hata mkwaruzo. Nesi aliletewa wodini Jumatatu ndani ya bahasha, akatakiwa asaini kwamba ameipokea ikiwa nzima.